Neno Lililochelewa Kufika: Historia ya Kuzuia Malipo

Tarehe 11 Desemba 1756, William Finney alitia noti ya Benki ya Uingereza ndani ya barua na kuipeleka posta mjini London. Noti ilikuwa ya pauni 21 na shilingi 10, na aliyeandikiwa alikuwa Chipping Norton, mji mdogo wa Oxfordshire. Usiku uleule mfuko wa posta ukaporwa njiani. Kesho yake noti ikaibukia kwa Miller, mwenye nyumba ya wageni, ambaye aliipokea kwa nia njema katika shughuli zake za kila siku. Aliyempa alikuwa na sura ya muungwana, na Miller hakuona sababu ya kumuuliza alikoipata.

Finney aliposikia habari za wizi hakulala. Tarehe 13 alifika benki, akaomba noti ile isilipwe, na benki ikakubali. Tarehe 17 Miller akaja na noti yake akitaka fedha. Karani aitwaye Race aliipokea, akaitazama, kisha akakataa kuilipa na akakataa kuirudisha. Miller akamshtaki karani mwenyewe.

Kesi ikafika mbele ya Jaji Mkuu, Lord Mansfield, na hukumu ikatoka mwaka 1758. Mbele yake walisimama watu wawili wasio na hatia, na mwizi alikuwa keshatokomea. Ilibidi mmoja wao aondoke mikono mitupu. Watu wa zamani walikuwa wakisema kwamba fedha haiwezi kufuatiliwa kwa kuwa haina alama ya sikio, kama ile wanayowekewa mifugo ili mwenyewe amtambue ng'ombe wake hata katika zizi la mwingine. Mansfield alisema hiyo siyo sababu hasa. Fedha haifuatiliwi kwa sababu kazi yake ni kuzunguka, na ikiwa kila anayeipokea atalazimika kuchunguza imetoka wapi, biashara itasimama. Noti za benki, kwa maoni yake, zilikuwa fedha kamili. Miller akashinda. Finney, aliyewahi benki siku mbili tu baada ya wizi, akapoteza.

Tangu hukumu ile hadi kadi iliyo mfukoni mwako leo, kila mara malipo yanapokwenda kombo swali huwa lilelile: nani abebe hasara? Jibu limebadilika mara kadhaa, na mara nyingi limempendelea yule ambaye neno lake lilifika mapema, mahali panapostahili.

Karatasi ya pwani

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na karatasi yake na desturi yake. Neno hundi tunalolitamka kwenye kaunta za benki halikuletwa na Waingereza. Lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch, waliofanya biashara Unguja na Mombasa kabla benki yoyote haijafungua mlango huko. Hundi yao ilikuwa barua fupi: fulani wa huku anamwandikia fulani wa Bombay amlipe mwenye barua hii kiasi kadhaa.

Wafanyabiashara hao walikuwa na hundi za aina nyingi, na kila aina ilikuwa na jibu lake kwa swali la hasara. Jokhmi ilifungamana na shehena iliyo chomboni. Mzigo ukifika salama, hundi inalipwa. Chombo kikizama, hakuna wa kudaiwa. Shah jog ililipwa kwa shah tu, yaani mfanyabiashara mwenye heshima anayejulikana sokoni. Ikidhihirika baadaye kwamba hundi ilikuwa ya kughushi au ya wizi, shah aliyepokea malipo alipaswa kuyarudisha pamoja na riba, kisha ajue mwenyewe jinsi ya kumtafuta aliyemletea.

Mtu anayetaka kumjua babu wa mfumo wa kadi za leo atamwona hapo. Pesa inarudi kwa njia ileile iliyopitia, na anayeulizwa kwanza ni yule aliyemwingiza mpokeaji sokoni. Tofauti ni kwamba shah alijulikana kwa uso na kwa ukoo, na heshima yake ndiyo iliyokuwa dhamana.

Simu iliyolala sandukuni

Kwa Waingereza, hundi ya benki ilijengwa juu ya wazo jingine. Hundi ni agizo la mteja kwa benki yake, na aliyetoa agizo anaweza kulifuta kabla halijatekelezwa. Bunge lao liliandika hivyo katika sheria ya mwaka 1882, kifungu cha 75: wajibu na mamlaka ya benki kulipa hundi ya mteja hukoma mteja akizuia malipo, au benki ikipata taarifa kwamba amekufa. Sheria hiyo ikawa kielelezo cha sheria za hati za malipo katika nchi walizozitawala, Kenya na Tanganyika zikiwemo.

Kwenye karatasi haki hiyo ilionekana haina mwanya. Mwanya ukaonekana katika kesi ya mtu aitwaye Curtice, iliyochapishwa katika taarifa za mahakama za mwaka 1908. Curtice aliandika hundi ya pauni 63 kununua farasi. Farasi hawakuletwa. Akapiga simu kwa benki yake kuizuia hundi.

Simu hapa ni ile ya maandishi. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, maana yake waya, na Waswahili walilitumia kwa telegramu kabla halijahamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Basi simu ya Curtice ilifika jioni, milango ya benki imekwisha fungwa, na tarishi akaitumbukiza katika sanduku la barua. Asubuhi wafanyakazi walitoa barua sandukuni, lakini ile simu wakaipita. Siku hiyohiyo aliyepewa hundi akaja akalipwa. Simu ilionekana siku iliyofuata.

Curtice akashindwa. Majaji walisema kwamba benki haikuwa imezuiwa, kwa sababu katazo la malipo halifanyi kazi mpaka liingie akilini mwa benki, na kulala ndani ya sanduku lake si kuingia akilini. Huenda benki ilizembea, lakini uzembe ni dai la namna nyingine. Mtu alikuwa ameshasema, na bado machoni pa sheria hakuwa amesema.

Mwaka 1926 jambo hilo likapigiliwa msumari wa pili katika kesi ya Westminster Bank na mteja wake Hilton, iliyofika hadi kwa mabwana wa Baraza la Juu la Bunge. Hilton alizuia hundi kwa simu lakini akakosea namba yake. Hundi yenye namba sahihi ilipokuja, benki ikadhani ni nyingine iliyoandikwa badala ya ile iliyozuiwa, ikalipa. Mabwana wakaamua kwamba benki haina kosa: anayetaka kuzuia lazima aseme wazi ni hundi ipi. Wenye mabenki wakaweka utaratibu ambao watu wengi waliowahi kuzuia hundi wanaujua: namba ya hundi, tarehe, kiasi, jina la mlipwaji, na sahihi ya mteja.

Kadi za Fresno

Tarehe 18 Septemba 1958 wakazi wa Fresno, mji wa mashamba katikati ya California, walikuta kitu kigeni katika barua zao. Bank of America ilikuwa imetuma kadi za mkopo 60,000 kwa watu ambao hawakuziomba. Aliyebuni mpango huo, Joseph Williams, alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Muuza duka hatakubali kadi isiyo na wateja, na mteja hatataka kadi isiyokubaliwa dukani. Dawa ilikuwa kuwapa wateja wote kadi kwa siku moja, na Fresno ilichaguliwa kwa kuwa karibu nusu ya familia zake zilikuwa na akaunti katika benki hiyo.

Katika muda wa miezi kumi na mitatu hivi kadi milioni 2 zilikuwa zimesambazwa California. Benki ilitegemea kwamba wasiolipa kwa wakati watakuwa asilimia 4. Walikuwa asilimia 22. Kadi ziliibwa, zikauzwa, zikatumiwa na watu ambao majina yao hayakuwa juu yake. Hasara iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 8.8, na Williams akaondoka katika benki hiyo kabla mwaka 1959 haujaisha.

Kadi ilikuwa imeligeuza wazo la hundi juu chini. Mwandika hundi aliweza kukimbilia benki kabla mlipwaji hajafika. Mwenye kadi alitia sahihi dukani, benki ikamlipa muuzaji, na yeye akaletewa hesabu mwisho wa mwezi. Wakati alipogundua kuwa ametozwa mara mbili, au kwamba kiti alichonunua hakikuletwa, malipo yalikuwa yamekwisha fanyika zamani. Hakukuwa na agizo la kufuta. Iliyobaki ilikuwa deni, na benki ilisema deni ni deni. Ugomvi wako na muuzaji uumalize na muuzaji.

Benki nyingine hazikujifunza kwa Fresno. Kabla ya Krismasi ya mwaka 1966, benki za Chicago zilishindana kumwaga kadi mjini, takriban milioni 5. Watoto wadogo walipata kadi, marehemu walipata kadi, na familia moja iliweza kupokea kadhaa kutoka benki mbalimbali. Wezi, wakiwemo wafanyakazi wa posta, walizivuna kabla hazijafika milangoni, na mwenye jina akawa mtu wa mwisho kujua kwamba ana kadi na deni pia. Betty Furness, mshauri wa Rais Lyndon Johnson juu ya haki za walaji, alifananisha mtindo huo na kumpa sukari mgonjwa wa kisukari.

Makelele yakafika Washington. Mwaka 1968 Johnson alitia sahihi sheria ya kuwalazimisha wakopeshaji kusema ukweli juu ya gharama ya mkopo. Oktoba 1970 sheria hiyo ikaongezewa meno: ni marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba, na mwenye kadi iliyoibwa hatadaiwa zaidi ya dola 50. Kwa mara ya kwanza hasara ya wizi ilitoka mabegani mwa mteja na kupandishwa juu ya benki, kwa hoja ambayo shah wa Kutch angeielewa mara moja: aliyeiingiza kadi sokoni ndiye aulizwe.

Mwaka wa sheria mbili

Lilibaki tatizo la hesabu zenye makosa. Miaka ile kompyuta zilikuwa zimeanza kuandika hesabu za wateja, na mtu aliyetozwa kimakosa alijikuta akigombana na mashine. Aliandika barua, akajibiwa kwa barua iliyochapwa ikidai deni lilelile na adhabu juu yake. Seneta William Proxmire wa Wisconsin, aliyekuwa amepigania sheria ya 1968, akashikilia na hili. Tarehe 28 Oktoba 1974 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya haki katika hesabu za mikopo, ikaanza kazi mwaka mmoja baadaye.

Sheria hiyo ni mtoto wa kesi ya Curtice, ingawa ilizaliwa ng'ambo ya pili ya Atlantiki, kwa kuwa imejaa tarehe na anwani. Mteja ana siku 60 tangu hesabu yenye kosa ilipotumwa. Aandike, na aandike kwa anwani ambayo benki imeitenga kwa malalamiko. Ujumbe ulioandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachorudishwa pamoja na malipo hauhesabiki. Benki ikishapata barua, saa inageuka upande wake. Ina siku 30 za kukiri kwamba imeipokea, na isizidi siku 90 kulimaliza shauri. Wakati huo wote mteja haguswi kwa kiasi kinachobishaniwa.

Kifungu kingine kilikwenda mbali zaidi. Ikiwa bidhaa yenyewe ni mbovu au haikuja, mteja anaweza kuiambia benki yale ambayo angemwambia muuzaji, mradi kwanza amejaribu kuelewana naye, bei imezidi dola 50, na ununuzi ulifanyika katika jimbo lake au ndani ya maili 100 kutoka nyumbani kwake. Maili hizo 100, kama kilomita 160, zinasimulia dunia ambayo mtu alinunua vitu karibu na kwake. Bado zimo ndani ya sheria, ingawa duka siku hizi liko ndani ya simu.

Mwaka huohuo wa 1974 Uingereza nayo ilipitisha sheria yake ya mikopo ya walaji, kufuatia ripoti ya kamati ya Lord Crowther ya mwaka 1971. Kwa bahati ya namba, kifungu kilichobeba uzito kilikuwa tena cha 75. Chenyewe kilimfunga mtoa kadi pamoja na muuzaji katika kamba moja: muuzaji akivunja ahadi au akidanganya, mteja anaweza kumdai yeyote kati yao, au wote. Siku hizi kinahusu kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata kama kilicholipwa kwa kadi ni arubuni tu. Mabenki yalibishana kwamba kifungu hakivuki mipaka ya nchi, mpaka mwaka 2007 mabwana wa Baraza la Juu walipoamua kwamba kinavuka. Kwa hiyo Mswahili wa London aliyekata tiketi ya kuja Zanzibar kwa kadi ya mkopo, moja kwa moja kwa shirika la ndege, shirika likifilisika anaweza kubisha hodi kwa benki yake.

Njia ya kurudi

Sheria zilitoa haki, lakini pesa ilihitaji njia ya kurudia. Njia hiyo ilijengwa na mitandao ya kadi. Mwaka 1970 benki zilizotoa kadi ya Bank of America ziliunda chama chao chini ya Dee Hock, nacho mwaka 1976 kikachukua jina la Visa. Mwanzoni vipande vya karatasi vilisafirishwa kwa magunia kati ya benki na benki, na vilipotea njiani kiasi cha kutisha. Kompyuta zilipounganishwa, kila muamala ukapata alama yake. Ng'ombe wa Mansfield hatimaye akatiwa alama sikioni.

Utaratibu wenyewe, ukiondoa istilahi zake, ni mashauri ya vikao vitatu. Mteja anaiambia benki yake: sikununua, au nilinunua sikuletewa, au nimetozwa zaidi. Benki yake inairudishia hesabu benki ya muuzaji kupitia mtandao, na benki ya muuzaji inakata kiasi hicho katika akaunti ya muuzaji. Muuzaji ana siku zake za kujibu kwa ushahidi, kama risiti, hati ya kupokea mzigo, au barua alizoandikiana na mteja. Ushahidi ukikubalika, pesa inarudi kwa muuzaji. Pande mbili zikishindwa kuelewana, mtandao wenyewe unaamua. Asiyejibu kwa wakati ameshindwa, hata akiwa na haki.

Hapo wauzaji nao wanalia, na si bila sababu. Wapo wanunuzi wanaopokea mzigo, wanautumia, kisha wanakana. Duka dogo likipata mashauri kama hayo kila wiki linatozwa faini kwa kila moja, na yakizidi linaweza kunyimwa kabisa huduma ya kadi. Miller, aliyepokea noti kwa nia njema, angeshangaa kuona mizani ilivyoegemea upande wa pili.

Kadi ya akaunti ina hadithi yake. Kwa kadi ya mkopo, wakati wa ubishi pesa iliyotoka ni ya benki. Kwa kadi inayokata akaunti moja kwa moja, iliyotoka ni yako, na karo ya mtoto inaweza kuwa imo ndani yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 iliweka ngazi. Mwenye kadi iliyoibwa akitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ajue, hasara yake haizidi dola 50. Akichelewa, inaweza kufika 500. Akikaa zaidi ya siku 60 baada ya kutumiwa taarifa ya akaunti yenye miamala ya wizi, yanayofuata ni juu yake. Na anayetaka kusimamisha makato ya kila mwezi sharti aiambie benki angalau siku 3 za kazi kabla ya makato kufika.

Simu nyingine

Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kushika hundi wakaanza kulipa kwa namba. Kadi ilimpa mlipaji muda wa kufikiri. Pesa ya simu ilimnyima. Inafika kufumba na kufumbua, na wakala yuko mlangoni tayari kumpa mpokeaji noti taslimu.

Wezi waliielewa kasi hiyo kabla ya wengine. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ujumbe wa namba ngeni unaosema ile hela tuma kwenye namba hii, ukimvizia mtu aliyekuwa kweli anasubiri kutuma hela mahali. Na pasipo mwizi kuna kidole kilichoteleza tarakimu moja. Nchini Kenya mwathirika anapeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 na kuomba urudishwe. Salio likiwa bado limo kwenye akaunti ya aliyepokea, linaweza kuzuiwa na kurejeshwa. Likishatolewa kwa wakala, limeingia katika dunia ya Lord Mansfield, ambako fedha haina alama ya sikio. Ndiyo maana kinga iliyofaa kuliko zote ilikuja kabla ya malipo: jina la mpokeaji kuonekana kwenye kioo, na nafasi fupi ya kusema hapana.

Finney alichelewa siku mbili. Curtice alichelewa kwa upana wa sanduku la barua. Mabenki sasa yana dirisha la malalamiko na namba ya dharura, na mtu aliyetozwa kwa asichonunua ana haki ambazo Finney na Curtice hawakuziota. Lakini haki hizo bado zinamtaka afanye kile ambacho Curtice alidhani amekifanya: anakili namba ya muamala, tarehe na kiasi, aandike, apeleke mahali panaposomwa, na asitoke kwenye kaunta au asikate simu kabla hajapewa namba ya shauri lake. Namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba simu imetolewa sandukuni na kusomwa.